Jinsi ya Kupima Chapa ya Gita la Bei Nafuu Kabla Hujatoa Pesa

Swali huwa ni lile lile: "Chapa fulani ya gita ni nzuri?" Watano wanasema ndiyo, watano wanasema hapana, na muulizaji anaishia kununua lile lililomvutia kwa rangi. Miezi michache baadaye vidole vinamuuma, tyuni haikai, na gita linageuka pambo la sebuleni.

Kosa lipo kwenye swali lenyewe. Jina lililoandikwa kwenye kichwa cha gita linakuambia nani analiuza. Aliyekata mbao, aliyepigilia freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) na aliyelikagua kabla halijafungwa kwenye boksi anaweza kuwa kiwanda kingine kabisa, na kiwanda hicho hicho kikawa kinatengeneza magita ya majina mengine matatu. Ndiyo maana mimi huipima chapa kwa gita lake baya: likichukuliwa lile bovu kuliko yote yaliyopita mikononi mwa wakaguzi wake, bado linapigika? Chapa inayofaulu hapo ndiyo ya kumpa mtu anayeanza.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye programu ya kutyunia inayoonyesha senti, yaani vipande vidogo vya kupimia sauti iliyopotoka (programu za bure zipo nyingi), na tochi.
- Rula ya chuma yenye milimita, ya sentimita 35 au zaidi. Futi ya fundi cherehani haifai, hunyooka na kuvutika.
- Kadi nne au tano za plastiki: ya benki, ya NIDA, leseni ya udereva. Chagua zile ambazo tarakimu zake hazijatokeza juu. Kadi za aina hii hutengenezwa kwa kiwango kimoja cha kimataifa, unene wa milimita 0.76, kwa hiyo tayari una kipimo mfukoni.
- Kebo yako mwenyewe unayojua ni nzima, kama unanunua gita la umeme.
- Daftari na nusu saa. Muuzaji asiyekupa nusu saa ameshakujibu.

Kama hujui kupiga, nenda na mtu anayepiga, lakini vipimo fanya wewe. Mpigaji mzuri hulifanya gita bovu lisikike zuri.

## Hatua ya 1: Andika jina la modeli, siyo la chapa tu

"Yamaha" si jibu. Yamaha F310 na Yamaha FG800 yote ni magita ya nyuzi za chuma, lakini uso wa F310 ni wa plaiwudi na wa FG800 ni wa mbao nzima ya spruce. Squier nayo ni jina moja linalobeba Sonic, Affinity na Classic Vibe, na tofauti kati ya la chini na la juu ni kubwa kuliko tofauti kati ya chapa na chapa.

Kwa hiyo andika: chapa, modeli, nchi lilikotengenezwa, namba ya utambulisho (serial number). Kwenye gita la kawaida (lisilo la umeme) hivi vipo kwenye karatasi iliyobandikwa ndani. Mulika tochi kupitia tundu la sauti. Kwenye la umeme, tazama nyuma ya kichwa au pale shingo inapoungana na mwili.

Umefaulu ukiwa na mstari mmoja unaoweza kuuandika kwenye Google ukapata gita hilo hilo. Ukikuta karatasi haina modeli, au maneno yamekosewa herufi, simama hapo. Magita ya Yamaha ya bei ya chini huigwa sana, na Fender na Gibson ndiyo usiseme. Gibson halisi, kile kifuniko kidogo kichwani hufungwa kwa skrubu mbili. Ukikuta tatu na bei ni ya Epiphone, chapa ya bei nafuu ya Gibson, unajua umeshika nini.

## Hatua ya 2: Jua nani anamiliki na nani anatengeneza

Chapa za bei nafuu zimegawanyika makundi, na kila kundi lina hatari yake.

Mtoto wa chapa kubwa. Squier ni ya Fender, Epiphone ni ya Gibson. Mzazi ana jina la kulinda, kwa hiyo ukaguzi upo. Lakini uzalishaji huhama. Squier ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1982, ikapita Korea, China na Indonesia. Epiphone nyingi zilitoka Korea kabla Gibson haijafungua kiwanda chake Qingdao, China. Mtu akikuambia "Squier za zamani zilikuwa moto," muulize ya mwaka gani na ya wapi. Namba ya utambulisho inayoanza na ICS, kwa mfano, ni ya Indonesia, kutoka kiwanda cha Cort.

Kiwanda chenye jina lake. Cort ni kampuni ya Korea yenye kiwanda Indonesia, na imetengenezea chapa kubwa magita kwa miaka mingi. Gita lenye jina la Cort lenyewe huuzwa bei ya chini kwa sababu tu jina halijavuma. Mimi hulitazama hili kundi kwanza. Yamaha nayo ina viwanda vyake, ndiyo sababu F310 moja haitofautiani sana na nyingine.

Chapa ya duka. Harley Benton ni ya Thomann, duka la Ujerumani, na huuzwa na duka hilo. Watu wa kwetu huletewa na ndugu walioko Ulaya. Gita kwa pesa yake ni zuri, ila likiwa na kasoro, litarudije Ujerumani? Gharama ya kulirudisha inaweza kula nusu ya bei.

Jina tupu. Muagizaji ameagiza kontena la magita kutoka kiwandani China na kubandika jina alilolipenda. Mzigo unaofuata unaweza kutoka kiwanda kingine, jina likabaki. Hapa hakuna sifa ya kuchunguza. Ruka hatua ya 3, weka nguvu zote kwenye vipimo.

## Hatua ya 3: Soma maoni kama mpelelezi

Nyota tano nyingi huandikwa siku boksi linapofunguliwa, na nyota moja huandikwa na mtu ambaye gita limemfikia limevunjika njiani. Zote mbili hazikuelezi chapa. Soma za nyota mbili na tatu, hasa za waliokaa na gita mwaka mzima.

Unachotafuta ni kasoro inayojirudia kwa modeli ile ile: daraja (kipande kinachoshika nyuzi juu ya mwili) linaloinuka, jeki (tundu la kuchomekea kebo) inayolegea, kigingi cha kukazia uzi kinachoteleza. Malalamiko yaliyotawanyika, kila mtu na lake, ni mambo ya kawaida ya bei nafuu. Malalamiko yanayofanana ni tatizo la kiwanda.

Video za wapigaji zitazame kwa tahadhari. Gita linalotumwa kwa mtu mwenye wafuasi laki moja linaweza kuwa limekaguliwa mara mbili, na mara nyingi limeshawekwa nyuzi mpya na kurekebishwa kabla kamera haijawashwa.

Chanzo ninachokiamini kuliko vyote ni fundi anayetengeneza magita, yule anayewahudumia wapigaji wa bendi na wa kanisani. Msalimie, kisha muulize hivi: "Fundi, magita ya chapa hii yakija kwako huwa na ugonjwa gani?" Usimuulize kama ni mazuri, atakujibu kwa adabu. Ukimuuliza ugonjwa atakuonyesha mahali.

Halafu angalia bei ya mkononi. Modeli inayouzwa tena kwa nusu ya bei yake au zaidi ina watu wanaoitaka. Ile isiyopata mnunuzi hata kwa robo, soko limeshaipima.

## Hatua ya 4: Dukani, anza na shingo

Usipige chochote bado. Shika gita kama bunduki, jicho kwenye kichwa, tazama kingo za shingo kuelekea mwilini. Kingo mbili zinatakiwa kwenda sambamba. Ukiona moja inapanda na nyingine inashuka, shingo imepinda kama parafujo. Lirudishe. Hakuna marekebisho ya bei nafuu kwa ugonjwa huo.

Sasa pima mkunjo. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ambapo shingo inakutana na mwili kwa mkono mwingine. Tazama katikati, karibu na freti ya 7. Panatakiwa nafasi ndogo sana kati ya uzi na freti, karibu robo milimita, yaani kama unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote. Uzi ukilala moja kwa moja juu ya freti, shingo imekunjama kinyumenyume. Nafasi ikipitisha kadi nzima ya benki, imevutwa mno na nyuzi.

Vyote viwili hurekebishwa kwa fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo, ambayo mafundi huiita trasi rodi. Itafute: tundu la kuizungushia lipo kichwani chini ya kifuniko, au ndani ya tundu la sauti.

Onyo. Gita la nyuzi za chuma lisilo na trasi rodi usilinunue, hata likiwa na bei ya kutupa. Nyuzi za chuma nyepesi huvuta kwa jumla ya kilo 70 hivi. Za nailoni huvuta karibu kilo 40. Gita la nailoni bila fimbo hiyo ni kawaida wala si kasoro. Lakini maduka mengine huyafunga magita ya nailoni nyuzi za chuma ili yapige kelele zaidi dukani. Shingo itakunjama na daraja litang'oka, ni suala la muda tu.

## Hatua ya 5: Daraja na mbao

Kwenye gita la kawaida, chukua karatasi ya daftari ujaribu kuipenyeza nyuma ya daraja, pale lilipogundishwa. Ikiingia hata milimita chache, gundi imeachia.

Kisha tazama uso wa gita kwa ubavu. Kuvimba kidogo nyuma ya daraja ni kawaida, nyuzi zinavuta. Uvimbe unaoonekana ukiwa umesimama mbali, huku mbele ya daraja pamebonyea, ni gita linaloanza kukunjika.

Mbao nzima au plaiwudi? Tazama ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ikishuka kutoka juu hadi chini bila kukatika, ni mbao nzima. Ukiona tabaka, ni plaiwudi. Wauzaji hulifanya hili jambo kubwa mno. Kwa mtu anayeanza, plaiwudi iliyojengwa vizuri ni bora kuliko mbao nzima iliyojengwa vibaya, na kwa aliyeko Tanga, Mombasa au Zanzibar plaiwudi ina faida ya ziada: haihangaishwi sana na unyevu. Magita hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, kiwango ambacho pwani yetu hukipita sehemu kubwa ya mwaka.

## Hatua ya 6: Freti, mahali chapa inapojianika

Siku hizi mashine hukata mbao sawasawa hata kwenye viwanda vya chini. Panapobaniwa pesa ni kazi ya mikono: kusawazisha freti, kulainisha ncha zake, kuchonga nati, yaani kile kipande kidogo kinachobeba nyuzi karibu na vigingi. Ukitaka kujua chapa inalipa wakaguzi wake au la, kaa hapa.

Pitisha kiganja kwenye ukingo wa shingo, juu mpaka chini, pande zote mbili. Ncha zikikukwaruza, ama hazikusuguliwa, ama mbao imekauka ikanywea. Gita laini lililonunuliwa Dar linaweza kuanza kukwaruza likihamia Dodoma wakati wa kiangazi. Fundi husugua ncha hizo kwa kazi fupi. Ni kasoro, lakini ina dawa.

Kisha tafuta freti iliyotokeza. Simamisha kadi kwa ukingo katikati ya nyuzi mbili, ikikaa juu ya freti tatu. Tumia upande mrefu wa kadi kwa freti nne za mwanzo, upande mfupi kuanzia ya tano hadi ya 12. Ibonyeze huku na huku. Ikicheza, freti ya katikati imepanda.

Mwisho, piga kila uzi kwenye kila freti, polepole, kwa nguvu ya kawaida. Kazi hii inachosha na muuzaji atakutazama vibaya. Ifanye. Sauti inayokufa ghafla au inayokwaruza mahali pamoja pekee inaonyesha freti isiyo sawa. Ikikwaruza shingo nzima, mara nyingi ni nyuzi kukaa chini mno, jambo la kurekebisha tu.

Umefaulu ukikuta freti moja au mbili zenye kasoro, si zaidi. Zikifika tano, gharama ya kusawazisha shingo yote itakaribia bei ya gita.

## Hatua ya 7: Kimo cha nyuzi na usahihi wa sauti

Kimo ndicho kinachoumiza vidole, na ndicho kinachowafanya wengi waache gita wakidhani hawana kipaji. Kipime juu ya freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi, kwa kupanga kadi.

- Gita la umeme: kadi mbili chini ya uzi wa kwanza, chini ya tatu kwenye wa sita.
- Nyuzi za chuma: kadi tatu kwenye wa kwanza, zisizidi nne kwenye wa sita.
- Nailoni: nne kwenye wa kwanza, tano kwenye wa sita.

Kikizidi, tazama sadeli, kile kipande cheupe kilichosimama darajani. Kama kimetokeza vya kutosha, fundi atakisugua chini na tatizo litaisha. Kama kimeshazama karibu kuisha na nyuzi bado ziko juu, shingo imefungwa kwa pembe mbaya. Acha gita hapo.

Kisha usahihi. Pima kutoka nati hadi freti ya 12. Kutoka freti hiyo hadi sadeli panatakiwa pawe na urefu ule ule au zaidi kwa milimita chache, uzi wa sita ukiwa na ziada kubwa kuliko wa kwanza. Magita mengi ya mtindo wa Fender yana urefu wa milimita 648, kwa hiyo nusu yake ni 324. Ukikuta daraja limesogea karibu na shingo, yaani nusu ya pili ni fupi kuliko ya kwanza, kila kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) itapotoka kadiri unavyopanda shingoni.

Thibitisha kwa simu. Tyuni uzi wazi, kisha ubonyeze kwenye freti ya 12. Nota inatakiwa kuwa ile ile, oktavu moja juu. Hitilafu ya senti tano inavumilika. Ikivuka 10, sikio litaisikia. Kwenye gita la umeme, sadeli husogezwa kwa bisibisi na mambo yanaisha. Kwenye la kawaida daraja limegundishwa.

Onyo. Nyuzi zilizopata kutu hudanganya kipimo hiki. Kama zimekuwa nyeusi, mwombe muuzaji abadilishe uzi mmoja, hata kama utamlipa.

## Hatua ya 8: Vigingi, na umeme kama upo

Tyuni gita, vuta kila uzi taratibu kwa kidole mara kadhaa, tyuni tena, kisha piga kodi kwa dakika tano. Nyuzi mpya kushuka siyo kosa la gita. Kigingi kinachocheza kabla hakijashika, au uzi unaotoa mlio wa "ting" na kuruka ukiuzungusha, ni jambo jingine: wa kwanza ni ubovu wa kigingi, wa pili ni nati iliyobana. Yote hubadilishika kwa bei ndogo.

Kwa gita la umeme, chomeka kebo yako, zungusha kila kitasa mwanzo hadi mwisho, hamia kwenye kila pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) kwa swichi, tikisa jeki. Mkwaruzo wa kitasa husafishika. Mvumo unaopungua ukishika nyuzi ni kawaida. Mvumo unaoongezeka ukizishika ni waya wa ardhi uliofungwa vibaya. Ukihisi mwili wako unatetemeshwa, chomoa plagi ya amplifaya mara moja. Plagi iliyochomekwa bila pini ya ardhi imeshajeruhi wapigaji.

## Hatua ya 9: Omba la pili, na la tatu

Hapa ndipo unapoipima chapa badala ya gita. "Kaka, una mengine ya modeli hii stoo?" Rudia hatua ya 4, 6 na 7 kwa mawili zaidi, haraka haraka, ukiandika daftarini.

Matatu yakifanana, hata kama yote yana kimo cha juu kidogo, kiwanda kina nidhamu na unajua unachonunua. Moja likiwa zuri sana na mawili mabovu, chukua lile zuri, lakini usimshauri rafiki aagize chapa hiyo bila kuiona.

Uliza pia vipuri. Vigingi, sadeli na pikapu za vipimo vya kawaida hupatikana popote. Chapa yenye umbo lake la ajabu itakusumbua siku kigingi kimoja kikivunjika. Na dhamana iandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya utambulisho. Muuzaji akikuambia "tunaelewana tu," mwambie kwa upole kwamba mtaelewana zaidi ikiandikwa.

## Kufanya uamuzi

Gawa daftari lako pande mbili. Upande mmoja weka vyenye dawa: nyuzi mbovu, kimo, nati, vigingi, jeki, ncha za freti, kitasa kinachokwaruza. Upande wa pili weka visivyo na dawa ya bei nafuu: shingo iliyopinda, pembe mbaya ya shingo, daraja lililokosewa mahali, trasi rodi isiyofanya kazi, uso unaokunjika.

Kimoja tu cha upande wa pili kinatosha kuliacha gita. Vya upande wa kwanza, muulize fundi bei ya kuvirekebisha, jumlisha na bei ya gita, halafu linganisha na modeli ya juu yake. Mara nyingi gita la kati lisilohitaji fundi linashinda.

Ukishanunua, pima kimo cha freti ya 12 siku ya kwanza nyumbani na ukiandike. Pima tena baada ya wiki mbili na baada ya mwezi, gita likiwa mbali na dirisha la jua na bila kulazwa ndani ya gari. Kikiongezeka kwa unene wa kadi moja, rudi dukani na risiti.